Gogo Chepngeno si Mzimu wa Barabara

LORI IMESIMAMA! Aki imesimama kwa kona yetu, injini ikazimwa, na dereva akaenda na miguu yake mwenyewe kunywa chai kwa Gogo Chepngeno! Wueh! Kwa hii kona hakuna mtu husimama. Wacha niwaeleze kwa nini nilipiga nduru hadi kondoo zikatoroka.

Gogo ni nyanya jirani yetu huku juu karibu na Mau Summit, pale barabara ya zamani inapita. Hiyo ni ya tangu enzi za wazungu. Ilikuwa na maduka, hoteli, mpaka posta. Barabara kuu ikahamishwa, watu wakaifuata, maduka zikabaki kuta tu. Siku hizi ni malori zenye hazitaki jam. Na ukungu. Manze hiyo ukungu! Unaweza kuwa umeshika kamba ya mbuzi na huioni mbuzi.

Gogo hakuhama. Mzee wake, Kibii, amezikwa nyuma ya nyumba. Watoto wako Karagita kwa kazi ya maua, simu wanapiga Krismasi. Kila asubuhi anajifunga blanketi yake nyeupe, anapanga karoti kwa gunia kando ya lami, anakaa. Hauzi sana. Lakini kila lori ikifika kona, peeeh! Honi. Na Gogo anainua mkono juu kabisa, anapunga.

"Hao ni watu wangu," huwa ananiambia. "Mvua, baridi, lazima wanisalimie."

Anawajua hadi kwa honi. "Huyo wa sauti ya ng'ombe amechelewa leo. Sijui kama amekula."

Sasa majuzi niko kwa simu, napata video. Ukungu, honi, alafu mtu mweupe anapunga mkono. Juu yake wameandika MZIMU WA BARABARA YA ZAMANI. Na vile watu walikuwa wanakomenti! "Huyo aligongwa akienda harusi yake." "Piga honi ama atapanda lori." "Akikupungia usiangalie, utapinduka." Nilicheka nikaanguka kitandani. Nikakimbia kumuonyesha, nikijua atacheka kunishinda.

Akavaa miwani. Akaangalia. "Rudia."

Nikarudia.

"Huyo ni mimi."

"Eeh Gogo! Umekuwa staa!"

"Na honi ni ya nini?"

Nikamwambia. Wanapiga ndio mzimu usipande gari.

Akanirudishia simu. "Kwa hivyo hawanisalimii."

"Gogo, si ni jokes tu..."

"Miaka yote hiyo napungia watu wananikimbia."

Akaingia ndani. Kesho yake hakutoka. Siku iliyofuata pia, karoti zikakaa tu kwa ndoo. Nikibisha ananijibu kupitia mlango, "Niko sawa, enda usome." Na shule zimefungwa! Malori zinapita, peeeh, na hakuna mkono. Hiyo kona iliboo vibaya. Nilijaribu kupunga mimi, lakini wapi.

Alafu leo asubuhi ikakuja ile ya sauti ya ng'ombe. Ikapiga honi. Ikapiga tena. Ikasonga mbele kidogo, breki zikalia pshhh, injini ikazimwa. Hapo ndio nilipiga nduru, kondoo zikatoroka. Akashuka mzee mnene wa koti ya mvua, anaangalia huku na huku.

"Msichana, sasa. Yule... yule wa hapa, alienda wapi?"

"Nani? Mzimu?"

"Usimtaje hivyo! Nimepita simuoni. Nikadhani nimemkosea."

"Ako kwa nyumba. Amewakasirikia."

"Mzimu ako na nyumba?"

"Na jiko. Kuja."

Anaitwa Hiram, mtu wa Lanet. Alinifuata, tukifika mlangoni akajificha nyuma yangu, na vile ni mkubwa! Nikaita, "Gogo, mgeni! Yule wa honi ya ng'ombe!" Komeo ikavutwa.

"Chamgei," Gogo akasalimia, akanyoosha mkono.

Hiram akauangalia kama ni nyoka. Akaushika pole pole, akaruka. "Ni baridi!"

"Nilikuwa naosha sufuria, kijana. Yako ni laini sababu haioshi kitu."

Hiram alicheka hadi akashika ukuta.

"Bado unaniogopa?"

"Mathe, sai naogopa mdomo wako."

Ndio chai ikapikwa, maziwa mob. Gogo akamuuliza watu wa nyumbani wako aje. Hiram akazungusha kikombe. "Nyumbani hakuna mtu, mathe. Bibi alienda. Kutoka Mombasa hadi Malaba, mtu hunipungia mkono ni wewe peke yako. Hata kama nilidhani umekufa."

Gogo alimuongezea chai, kikombe ikajaa hadi ikamwagika.

Sasa lori moja imesimama, lakini hizo zingine bado zinakimbia. Kwa hivyo tafadhali, tumia hii story kwa kila mtu unajua anaendesha gari huku kwetu: yule wa blanketi nyeupe anaitwa Gogo Chepngeno, ako hai, na asimame amsalimie.