Wimbo Uliopigwa Mnada Chaka

Sisi tuliokulia Chaka miaka ya tisini hatukuhitaji kalenda kutuambia kwamba mwaka mpya umeingia. Pua zilitosha. Chapati zilipikwa Krismasi na mwaka mpya tu, na harufu yake ilimfikia jirani kabla ya salamu. Baridi ya Kieni, nyanda zetu za juu, ilitukata masikio, nasi tukacheza kati, ule mchezo wa kumlenga aliye katikati, kwa mpira wa makaratasi mpaka mama aite. Watoto wa leo wakikutana na baridi kama ile hujifunika blanketi na kuuliza kama mtandao uko.

Kwetu kulikuwa na desturi moja. Tukishakula, kila mtoto alisimama mbele ya familia na kusema kwa sauti atakalofanya mwaka huo. Kunong'ona hakukuruhusiwa. Kaka yangu Ndirangu aliahidi kila mwaka kuwa wa kwanza darasani, na kila mwaka mama aliitikia "Amina" bila kumtazama usoni. "Ahadi ni deni," mama alikuwa akituambia, "na mimi nimesikia na haya masikio yangu."

Mwaka ninaoukumbuka zaidi nilikuwa naingia darasa la saba. Nilikuwa na gitaa nililojitengenezea kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, kipande cha ubao, na nyuzi za waya wa breki za baiskeli. Lililia kama nyuki aliyekasirishwa, lakini nililipenda kuliko viatu vyangu vya Krismasi. Zamu yangu ilipofika nilisimama wima nikasema kwamba mwaka huo nitaimba wimbo wangu mwenyewe mbele ya watu.

Baba aliweka kikombe chini. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole lakini mwenye msimamo, na kwake yeye nyimbo zote zilikuwa zimeshatungwa.

"Wimbo yako? Hiyo iko kwa kitabu gani?"

"Haiko kwa kitabu, Baba. Niliitunga nikichunga kondoo."

"Ati kondoo! Basi imbia kondoo." Wote wakacheka. Baba hakucheka. "Na hiyo gitaa ikiletea hii nyumba aibu, Wangui, itaingia jikoni na kuni."

Nilijua hatanii. Redio ya Ndirangu ilikuwa imeshauzwa Karatina kwa kosa la kupiga nyimbo za baa. Nililala na gitaa langu kitandani, nikiwa na hofu, lakini ahadi nilikuwa nimeshaitoa na mama alikuwa ameisikia.

Jumapili ya kwanza ya Januari ilikuwa ya shukrani. Kila mtu alileta alichojaliwa: kabeji, viazi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Baada ya ibada vitu hivyo vilipigwa mnada pale nje kwenye nyasi, kanisa lipate mabati. Mnadi wetu alikuwa Mzee Gakuu, mtu aliyeweza kukuuzia kabeji ya shamba lako mwenyewe na ukamshukuru. Wa rika langu mnaukumbuka utamu wa minada ile. Ukinunua kitu ulikuwa huru kusema "nimerudisha," kikauzwa upya, hata jogoo mmoja akanunuliwa na nusu ya kanisa. Tena mtu aliweza kutoa sadaka ili fulani aimbe, na mwingine akatoa zaidi ili fulani huyo huyo anyamaze.

Mimi sikuwa na kabeji. Nilijitokeza na gitaa langu nikamwambia Mzee Gakuu kwamba shukrani yangu ni wimbo. Alicheka, kisha akaninyanyua mkono juu kama anavyonyanyua jogoo.

"Hapa kuna wimbo! Mpya kabisa, haijavaliwa na mtu! Nani ananunua?"

Nikaanza. Wimbo wenyewe ulihusu jalidi, ule umande wa barafu, iliyochoma viazi vyetu, na mama aliyeshika jembe akapanda tena. Sauti ilinitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa, nikajisikia mkubwa. Sikuwa nimemaliza ubeti wa kwanza Bwana Kihara, mchuuzi wa kabeji mwenye lori, alipoinuka na noti yake. "Natoa hii anyamaze! Masikio inaniuma!" Kanisa likaangua kicheko, nami kwa sheria ya mnada nikanyamaza. Mama mmoja wa kwaya naye akasimama. "Mimi natoa aendelee! Hata viazi zangu zilichomeka." Nikaendelea. Kihara akatoa tena, nikanyamaza tena. Nilikuwa nawashwa na ubeti wa pili kooni.

Ndipo baba alipoinuka. Kicheko kilikatika. Alitembea polepole hadi kwenye kikapu cha sadaka na kutia noti kuwazidi wote wawili.

"Mzee, anyamaze ama aendelee?" Gakuu akamuuliza.

"Nimenunua wimbo."

Kilichonunuliwa huondoka na mnunuzi, hiyo ndiyo sheria. Nilivua sweta yangu nikaanza kulifunga gitaa, machozi yakinilenga, nikiwa na hakika kwamba jioni ile litapikia chai. Baba alikuwa bado anakitazama kikapu.

"Nimerudisha," akasema. "Iuzwe tena."

Shangwe niliyoisikia pale sijaisikia kwenye jukwaa lolote tangu siku ile. Wimbo uliuzwa na kurudishwa mpaka sauti ikanikauka, na mnunuzi wa mwisho alikuwa Kihara, aliyetaka uanzwe upya kwa sababu, ati, mwanzo hakuusikia vizuri. Tulipofika nyumbani baba hakunisifu. Aliniambia tu, "Hiyo waya ya chini imelegea. Kaza."

Leo mimi ni mwanamuziki wa kujitegemea. Natunga, narekodi na kuuza mwenyewe, na kuanzia Nyeri mjini mpaka Nanyuki na Kagio wananijua. Kazi yangu naijua, na sioni haya kusema hivyo. Vijana wa fani hii huandika malengo yao ya mwaka kwenye simu, wakayapamba kwa maua na mioyo, na Machi ikifika wameyafuta wakabandika picha ya chakula. Nami hubandika yangu, kwa kuwa dunia ndivyo ilivyo. Watu wanayapenda kwa kidole, kisha wanapita.

Kwa hiyo kila mwaka mpya nakwenda Chaka. Mama alishatutangulia, na nafasi yake mezani haijapata mtu. Baba yupo, lakini masikio yamemzeekea, kwa hiyo malengo yangu inanibidi kumpigia kelele: albamu mpya, na tamasha langu mwenyewe Nyeri mjini. "Nini?" anauliza. Narudia kwa nguvu, na mtaa mzima unasikia.

Halafu mwezi wa sita napita sokoni pale Chaka kununua kabeji, na mwanamke wa kibanda, ambaye simjui hata jina, ananishikilia chenji yangu mkononi mwake.

"Wewe wa kina Ndirangu. Ile albamu ulikuwa unaambia baba yako, iko wapi?"

Kwenye simu hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nachukua kabeji yangu, narudi nyumbani, nakwenda kuimalizia albamu.