Sura ya Kulwa

Pale Kambarage, mjini Shinyanga, hakuna asiyemjua Sostenes, fundi wa sura. Wenzake hufyatua tofali. Yeye hubandika saruji mbichi kwenye bamba na kuichonga kwa kisu cha jikoni mpaka uso wa mtu uchomoze. Zamani alipamba kuta za baa kwa ng'ombe na wacheza ngoma. Siku hizi kazi zake nyingi ni za makaburi, na wengi wa marehemu hao hutoka machimboni Geita. Wenye kejeli husema anawapendelea wafu, maana hata aliyeishi na pua bapa hulala kaburini na pua ya maana.

Mama Kulwa alikuja kwake kutoka Didia akiwa na mwanawe Doto. Pacha wa Doto, Kulwa, alifukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, na wenzake wakashindwa kumtoa. Simu yenye picha zake zote ilibaki humohumo. Nyumbani walizika shati lake na viatu, na mama akawa hana pa kutazama anapolia. Alichotaka ni kimoja tu: uso wa mwanawe juu ya lile kaburi.

Sostenes alimwambia asihangaike, angemchonga Kulwa kwa kumtazama Doto. Si kila mtu alisema pacha wale walifanana kama shilingi kwa ya pili? Mama alijaribu kumweleza kwamba Kulwa alikuwa mcheshi, kwamba hata akinyamaza mdomo wake ulikaa kama unaotaka kucheka. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fundi aliitikia ndiyo, ndiyo, huku akimpima Doto mashavu kwa macho.

Doto alikaa kwenye kigoda. Fundi alimwomba atabasamu kidogo, ila aliyefiwa na pacha wake atalitoa wapi tabasamu? Basi akachonga alichokiona, na kwa kweli hakuwahi kuchonga uso uliokaa vizuri kama ule. Alijisifu hata kwa mkewe.

Bamba lilisimikwa kichwani mwa kaburi. Ndugu wakasema ndiye, ndiye kabisa. Mama Kulwa akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye paji, kwenye pua, akafika mdomoni. Hapo mkono ukasimama.

"Huyu ni Doto," alisema. "Fundi, umenizikia aliye hai."

Sostenes aliona aibu. Akashika nyundo alivunje, achonge jingine, lakini wazee wakamzuia. Nani ampige Doto nyundo ya uso, na mwenyewe amesimama pale anatazama? Na kuliacha vilevile ni kumwekea kijana kaburi likimsubiri.

Ndipo Doto akafungua kinywa. "Mama, liache. Kuanzia leo niite Kulwa."

"Na Doto nitampata wapi?" mama alimjibu.

Mama akaomba saruji ikorogwe. Doto alichota maji, na Sostenes akaufukia ule uso kwa mwiko, macho, pua, mdomo, mpaka bamba likawa sawasawa, huku machozi yakimtiririka. Mama Kulwa akamshika mwanawe mkono wakarudi nyumbani, na pale kaburini hakubaki mtu wala sura ya mtu.