Kasiva Alishuhudia Kabla ya Kupona

Mjukuu wangu Kasiva amepewa jina langu, kwa hivyo baba yake, mwanangu Kivuva, humwita mwaitu, yaani mama yangu. Huku Ukambani ndivyo ilivyo. Ubaya wake ni kwamba Kivuva hawezi kumgombeza huyo mtoto bila kuonekana ananigombeza mimi, na mtoto alilijua hilo tangu akitambaa. Akivunja kikombe, baba yake husema, "Pole, mwaitu," halafu anakuja kunitazama mimi vibaya.

Kivuva ni mzee wa kanisa, na analima nyanya na matikiti karibu na mto hapa Kibwezi. Nyanya zake si za mchezo. Kuna moja ilianguka kutoka kwa lori kwenye barabara ya Mombasa, magari yakasimama mpaka Emali, polisi wakaja kuikata kwa msumeno. Watu wa Emali wanabisha. Wabishe, lakini walikula.

Kasiva hakuchukua mkono wa baba yake wa shamba. Alichukua mdomo. Akishika maikrofoni kanisani, hata Musyimi, ambaye hulala tangu maombi ya kufungua, alikuwa anaamka. Ushuhuda wake ulipangwa kama wa kila mtu hapa kwetu: kwanza shida, kisha machozi kidogo, kisha "lakini Bwana," kisha makofi. Shida ambayo haijafika kwa "lakini" hailetwi mbele ya watu. Unakaa nayo nyumbani mpaka iishe.

Alienda chuo kikuu kule Kitui, wakamfanya kiongozi wa kwaya ya wanafunzi. Mwaka wa pili usingizi ukamhama. Hakukuwa na mwanaume, hakukuwa na mimba. Niliuliza kuliko inavyofaa. Kifua kilikuwa kinambana tu, bila sababu ya kuonyesha mtu. Asubuhi anafungua kitabu, jioni bado yuko ukurasa ule ule. Siku ya mtihani wa takwimu aliandika jina lake, akaitazama karatasi, akainuka akatoka nje. Baba yake alipopiga simu kuuliza mtihani, Kasiva alisema, "Umeenda vizuri."

Kivuva akatangaza kanisani kwamba mwaitu amemaliza mwaka wa pili, na Jumapili ya shukrani atakuja kutoa ushuhuda.

Kabla ya Jumapili hiyo kufika, chuo kiliwaita viongozi wa wanafunzi kwenye mafunzo. Walifundishwa kustahimili: namna ya kupumua roho ikienda mbio, namna ya kumjua mwenzako anayezama, namna ya kuomba msaada. Kasiva alienda kwa sababu ya cheo. Mkufunzi alikuwa Nasteho, mwanamke wa Garissa, mshauri wa wanafunzi pale chuoni. Akawaketisha kwa duara, akaomba kila mtu aseme kitu kinachomlemea.

Mutie akaanza. Alikuwa mlevi, lakini Bwana akamtoa. Katunge alifiwa na mama, lakini Bwana akamfariji. Mwau alikosa karo, lakini Bwana akafungua mlango. Duara likazunguka hivyo, watu wakipiga makofi. Nasteho akaweka kikombe chake chini.

"Mimi ni mgeni, nielezeni," akasema. "Hapa Ukambani hakuna mtu ana shida ya leo? Zote ziliisha mwaka jana?"

Wakacheka.

"Ya leo bado haijaiva, mwalimu," Mutie akasema.

"Basi leteni mbichi. Na ukifika kwa 'lakini', nyamaza."

Ikawa zamu ya Kasiva. Akasema, "Nilitoka kwenye mtihani. Silali. Baba yangu hajui." Mdomo ukaenda kutafuta "lakini", akaufunga. Alinieleza mwenyewe baadaye kwamba kilikuja kimya kirefu. Sehemu hii inayofuata ni yangu: katika kimya hicho kuku wa jikoni alitaga, akaatamia, na vifaranga wakatoka wakitafuta chakula.

Hakuna aliyesema amina. Katunge alisogeza kiti chake karibu, basi.

Mafunzo yalipoisha Nasteho akambakisha. Akamwambia anaweza kuahirisha masomo na kurudia mtihani, na yeye atamwona kila wiki.

"Nyumbani nani anafaa kujua?"

"Baba. Ameshatangaza kanisani. Nikisema ukweli, ataaibika mbele ya watu aliowatangazia."

"Na usiposema?"

"Nitasimama hapo mbele nishukuru kwa mtihani ambao sikufanya."

Nasteho hakumchagulia. Alimwambia mlango wake uko wazi, na baba au bila baba.

Jumamosi Kasiva akaingia jikoni kwangu nikitwanga mahindi ya muthokoi.

"Susu, nikikuambia kitu utakiongeza?"

"Kidogo tu."

"Hiki usikiongeze."

Akaniambia. Sijakiongeza mpaka leo, isipokuwa hao kuku. Nikampa shauri langu.

"Sema ilikuwa malaria. Mimi nitakuwa shahidi. Nitasema mbu mwenyewe nilimwona, mkubwa kama njiwa, na alipotoka hapa alikuwa anachechemea kwa shibe."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akalia, akiwa bado ameushika.

"Hapana, susu," akasema.

Jumapili Kivuva alivaa suti yake ya harusi za watu. "Mwaitu, nenda mbele," akasema, na uso wake ulikuwa unang'aa. Kasiva akapokea maikrofoni. Hakuimba kwanza kama kawaida yake.

"Nilimwambia baba mtihani ulienda vizuri. Haukuenda. Nilitoka kabla ya kuandika. Silali vizuri tangu mvua ya Novemba. Kuna mshauri ananisaidia. Sijapona."

Akarudisha maikrofoni.

Kanisa likangoja. Mpiga kinanda alikuwa ameshaweka vidole tayari kwa wimbo wa ushindi. Akagusa sauti moja, akatoa mkono.

"Haleluya?" Musyimi akauliza kutoka nyuma.

Kalekye, aliyeketi kando yangu, akanong'ona kwa nguvu, "Shetani anapenda wasomi."

"Na wewe ambaye hukusoma, alikupendea nini?" nikamjibu.

Pasta Nzau si mtu mbaya. Aliona msichana amebaki juu ya shimo, akataka kumwekea daraja. "Lakini, wapendwa," akasema, "tunajua kwamba Bwana tayari amem—"

"Pasta." Kivuva alikuwa amesimama. Sijawahi kumsikia akimkatiza mtu kanisani. "Hajasema hivyo. Amesema hajapona. Tuache pale alipoachia."

Alitembea mpaka mbele, akamshika binti yake mkono, wakarudi kuketi. Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya zake, na hapo siongezi. Pasta akaomba maombi mafupi, akaita sadaka.

Nje watu walimsalimia Kivuva kwa sauti ya matanga. Wengine hawakumsalimia. Aliitikia waliomsalimia, tukaenda nyumbani tukala.

Kesho yake baba na mtoto wakashika barabara ya Mutomo kwenda Kitui. Kivuva aliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya Nasteho, kofia kwa magoti, na alipoitwa ndani aliuliza kitu kimoja tu: mtoto asiyelala anafanyiwa nini na baba. Nasteho akamwambia amuulize mtoto mwenyewe, na akijibiwa asibishe.

Kasiva aliahirisha semista moja. Alikaa nyumbani, akauza nyanya kando ya barabara, na kila wiki akaenda Kitui na kurudi. Sasa amerejea darasani. Mtihani wa takwimu alirudia, akapita kwa kuponea chupuchupu.

Jioni baba yake humpigia simu. "Mwaitu, ulilala?"

Siku nyingine husema ndiyo. Jana alisema hapana.

"Haya," Kivuva akasema, akavuta kiti, akaanza kumweleza jinsi matikiti ya upande wa mto yanavyooza, na mnunuzi amekataa kuyagusa.