Maneno ya Chini ya Picha

Jirani yangu ni mchoraji. Tangu nilipostaafu ukarani wa ghala, huniletea picha zake nami naziandikia mashairi mafupi, mistari miwili au mitatu ya kubandikwa chini yake. Sharti letu ni moja: shairi lisitaje kilichochorwa. Picha ikiwa na mvua, shairi lisiseme mvua.

Mwaka jana alileta picha ya ua mtupu, kamba ya nguo isiyo na nguo, na jua la saa kumi. Alitaka upweke usiolia. Nikaandika; akasoma, akatikisa kichwa. Nikaandika tena.

"Ndugu yangu, picha imenyamaza," akasema, "wewe unapiga kelele kama muuza dawa wa sokoni."

Mke wangu alikuwa mlangoni akisuka kawa la kufunikia chakula, kama wafanyavyo wanawake wa Kinubi kwao. Hakuinua macho.

"Nimemimina vikombe viwili," akasema. "Cha pili nimekinywa mwenyewe, kimepoa."

Mchoraji akaiweka picha chini taratibu. "Shemeji, hebu rudia."

Akarudia, akacheka. "Ni maneno tu."

"Basi hayo ndiyo niliyokuwa natafuta."

Mimi mchoraji hakuwahi kuniambia nirudie. Nilimwonea wivu mke wangu, kisha nikauona uso wake ulivyong'aa kwa sifa za mwanamume mwingine, nikamwonea wivu mchoraji pia. Alipoondoka, nikauliza kikombe cha pili kilikuwa cha nani.

"Cha nani tena, mzee? Kwani nimeishi na nani?"

Niliona ananikwepa.

Kazi ya kupeleka mashairi kwa wachapaji wa Wandegeya, yachapishwe kwenye kadi za maonyesho ya picha zake, ilikuwa yangu. Niliyatoa maneno yake, nikaweka yangu. Hata sharti nililivunja: niliandika ua, nikaandika na kamba.

Maonyesho yalifanyika kwenye mgahawa mmoja wa Bugolobi. Mke wangu alishona gauni, akaja na dada zake wawili. Aliwapitisha kwenye picha zote haraka mpaka akafika kwenye ile. Akaisoma kadi. Akaisoma tena.

"Hili ni la shemeji yenu," akawaambia kwa upole. "Yeye ndiye mshairi."

"Sasa sisi ulituitia nini?" mdogo wake akauliza.

"Sambusa."

Wakacheka, naye akacheka nao. Mimi nilikuwa nyuma yao, na hapo ndipo nilipoelewa. Miaka mingapi nilitoka kazini nikapitia Kisenyi kukaa na wenzangu, nikirudi nyumbani nimeshiba chai ya watu? Kikombe kilikuwa changu. Alikuwa amesema habari zangu mbele yangu, bila lawama, nami nikamtafutia mwanamume.

Mchoraji alikuja, akasoma, akanitazama. Akaibandua kadi, akaitia mfukoni. Picha ilikaa bila neno mpaka watu walipoondoka.

Nilimwomba mke wangu msamaha, akasema yamekwisha, na ninamwamini. Lakini mchoraji akija na picha mpya, akaielekeza makusudi upande wake, yeye huinuka akaingia jikoni. Juzi nilimfuata huko. Nikamwambia aseme chochote, hata neno moja, nitaliandika kama lilivyo na jina lake juu.

"Sina, mzee," akasema, akipepeta mchele. "Andika wewe."

Nilirudi sebuleni nikaandika. Mchoraji alisoma, akasema si baya.