Nilivyoitoa Siri ya Bekihendi ya Mdogo Wangu

Mimi ndiye niliyeanza kucheza. Watu hawalijui hilo, na kila nikijaribu kulisema naonekana mwenye kinyongo. Kinyongo ninacho, lakini kwamba mimi ndiye niliyeanza ni kweli vilevile.

Baba yetu alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya ufukweni, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, upande wa kwenda Mlingotini. Hoteli ilikuwa na uwanja mmoja wa tenisi, wa saruji iliyoanza kupasuka, na kazi mojawapo ya baba ilikuwa kuufagia mchanga na majani kila asubuhi. Wageni walicheza kabla jua halijapanda au jioni likishapoa. Mchana uwanja ulikuwa mtupu, na meneja akamruhusu baba atulete mimi na mdogo wangu wa kike tukitoka shule. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye tisa. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alituachia raketi mbili alipokuwa anaondoka. Ile nzima niliichukua mimi. Iliyopasuka shingo nikampa yeye.

Nilimfunga kila siku kwa miaka mitatu. Si kwamba nilimzidi nguvu. Niligundua mapema kuwa mpira ukimdundia juu ya bega, upande wa bekihendi, yaani lile pigo la nyuma ya mkono, anarudi hatua moja na kuupiga kwa woga, ukaanguka mfupi karibu na neti. Basi kila nilipobanwa niliunyanyua mpira huko, nikapata pointi. Sikumwambia. Yeye aliamini tu kwamba dada yake ni hodari, na mimi sikuona sababu ya kumtoa katika imani hiyo.

Siku moja kocha wa tenisi kutoka Dar es Salaam alikuja kupumzika pale hotelini na mkewe. Alitukuta uwanjani, akasimama kwenye uzio, akatazama seti nzima. Nilishinda sita kwa mbili, na katika maisha yangu sijawahi kucheza vizuri kama siku ile. Alipomaliza kutazama alimwita baba pembeni, lakini si mbali kiasi cha mimi kutosikia.

"Mkubwa anacheza vizuri," alisema. "Ila huyu mdogo ana jicho. Anajua mpira unakwenda wapi kabla haujapigwa. Hilo halifundishwi."

Baba, Mungu amlipe, aliuliza kama angeweza kutuchukua wote wawili. Kocha alisema nafasi ni moja.

Mama alinikuta uani nikifua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Akaniambia riziki ya mtu haigombewi, kila mja ana fungu lake. Nilimjibu kuwa nimefurahi. Mdogo wangu akahamia kwa shangazi yetu Dar, akawa anasoma huko na kufanya mazoezi kila jioni, na kila aliporudi likizo alikuwa mrefu zaidi na mkimya zaidi. Likizo ya pili alinifunga. Hata ule mpira wangu wa juu ulimsumbua mara chache tu, kwa sababu hakunipa tena nafasi ya kuupiga.

Nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa hotelini palepale, mapokezi asubuhi, na jioni kuwafundisha wageni namna ya kushika raketi. Yeye akaanza kwenda Nairobi, kisha Kampala, kisha Tunisia kwa miezi mizima, akicheza mashindano madogo ambayo wachezaji wa kulipwa huanzia. Alipopata pointi yake ya kwanza ya viwango jina lake liliingia kwenye orodha ya dunia, chini kabisa, baada ya mamia ya majina ya watu wasiojulikana na yeyote. Nyumbani ilikuwa kama harusi. Majirani walikuja na sinia za vitumbua. Bibi yetu, ambaye hapo mwanzo hakutaka kusikia habari ya msichana kukimbia mbele za watu, alimwombea dua ndefu. Mimi nilipita na birika la chai. Hapo ndipo nilipoanza kuitwa dada wa yule. Fundi cherehani aliniita hivyo, na mwalimu wangu mwenyewe aliyenifundisha hesabu akanisimamisha sokoni kuniuliza, "Wewe si dada wa yule?"

Matokeo yake tuliyafuata kwenye simu yangu, kwa sababu ni mimi niliyejua pa kuyatafuta. Mama angekaa na ungo wake akichambua mchele, na mimi ningemsomea namba zinavyobadilika. Sasa niseme lile ambalo sijawahi kulisema. Nilikuwa nikiomba afungwe. Mama akinong'ona dua zake kwa upande mmoja, mimi kwa upande wa pili nilikuwa naomba kinyume chake. Akifungwa nilisema kwa sauti ya huzuni, "Leo haikuwa bahati yake, mama," na moyoni nikasikia kitu kitamu, kama mtu aliyepewa maji baada ya kufunga saumu. Kisha niliona aibu. Kisha mashindano yaliyofuata nikaomba tena.

Mwaka juzi akapata kucheza mashindano ya kulipwa Dar es Salaam, mbele ya watu wa kwao kwa mara ya kwanza. Kocha wake alikuwa amesafiri na mchezaji mwingine, kwa hiyo mdogo wangu alinipigia simu akaniomba nikae naye wiki ile, nimsaidie kupasha misuli moto asubuhi, nimshikie chupa za maji. Alisema hana mtu mwingine anayemwamini. Nilikwenda.

Siku moja kabla ya mechi yake ya kwanza nilikuwa nimeketi karibu na uwanja wa mazoezi, yeye akiwa ndani kwa daktari wa misuli. Msichana mmoja mrefu, mgeni kutoka nje, alinifuata akaniuliza kwa upole kama naweza kupiga naye mipira nusu saa, mwenzake amechelewa. Nilijua ni nani. Ndiye aliyepangwa kucheza na mdogo wangu kesho yake. Tulipiga mipira. Alinisifu, akaniuliza mimi nacheza daraja gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile. Tulipokuwa tunakunywa maji akauliza kwa utani kama namjua mpinzani wake.

Nilimwambia namjua. Nikamwambia aunyanyue mpira upande wa bekihendi, juu ya bega, auache udunde. Sikumwambia kuwa ni mdogo wangu.

Baba alikuja kuitazama mechi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya Ijumaa. Tukakaa pamoja. Seti ya kwanza, mchezo wa tatu, yule msichana akaanza. Mpira wa juu, kushoto. Tena, na tena. Nilimwona mdogo wangu akirudi hatua moja, ileile ya alipokuwa na miaka tisa, na mipira yake ikianguka mifupi. Alifungwa sita kwa tatu, sita kwa mbili. Baba alivua kofia, akaikunja mapajani mwake, akasema, "Yule binti kamsoma mwenzake." Ule utamu niliouzoea niliusubiri. Ulikuja kidogo, halafu nikamwona mdogo wangu akikusanya raketi zake huku watoto wa shule wakimpigia makofi ya huruma, na ukageuka mchungu.

Jioni ile, kwa shangazi, alinikuta nakunja nguo zangu. Alisema aliniona jana kutoka dirishani nikicheza na yule msichana.

"Ni wewe uliyemwambia?"

Nilisema ndiyo. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kofi. Alikaa kitandani akanitazama.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," alisema. "Miaka yote hiyo. Mbona mimi hukuniambia?"

Niliendelea kukunja nguo. Alitoka, na hakuzungumza nami kwa muda wa miezi mitano. Nyumbani hakusema neno. Mama alidhani ni shughuli za safari tu.

Alirudi Bagamoyo kwa Idi. Siku ya pili ya sikukuu, watu wakiwa bado wanatembeleana, alisimama mlangoni kwangu na kapu la mipira. Hakuniamkia. Alisema tu, "Nipigie kule kule."

Tulikwenda kwenye uwanja wa hoteli. Nilimpigia mipira ya juu upande wa bekihendi mpaka bega likaniuma. Kwanza alikosa karibu yote. Alijaribu kurudi nyuma, akajaribu kusogea mbele na kuuwahi kabla haujapanda. Siku ya tatu akaanza kuuwahi. Siku ya sita nikaunyanyua mpira mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga, na ukarudi umenipita kabla sijageuza mguu. Alicheka kidogo. Mimi nilijikuta natabasamu, na wakati huohuo nikajua kuwa silaha yangu ya mwisho nimemkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwaka huu amefika fainali mbili na kushinda moja. Kwenye orodha amepanda kiasi kwamba hata mwalimu wangu wa hesabu anazijua namba zake. Hunipigia simu kabla ya mechi, tunasalimiana vizuri, ananiuliza habari za wazee. Baada ya ule ushindi alihojiwa redioni, na sisi tulikuwa sebuleni tukisikiliza. Mtangazaji akamuuliza imekuwaje bekihendi yake iliyokuwa ikimwangusha sasa ndiyo inayomshindia.

 Akasema anamshukuru kocha wake.

Ningeweza kusema, lakini ningeanzia wapi bila kufika kwenye ile nusu saa na yule msichana mrefu? Baba alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kocha wake ni mtu wa maana sana," alisema.

Nikamwambia kweli, baba, nikaenda jikoni kutazama wali.