Shuka la Mama

Leo nimemfunga mwanangu kwenye shuka la kumzikia mama yangu.

Msinihukumu kabla hamjamaliza kusoma.

Nimetoka Buzuruga alfajiri kwenda msibani kisiwani Ukara, mtoto mgongoni, shuka jeupe jipya ndani ya ndoo yenye mfuniko. Tulipotoka Ukerewe mtumbwi ukazima injini katikati ya maji. Nahodha akapandisha tanga. Upepo ulikuwa mkali, mawimbi yanaingia ndani, tukachota maji mpaka mikono ikafa ganzi.

Mtoto akalowa chapachapa. Akaacha kulia, akawa anatetemeka tu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kitu kikavu kilikuwa kimoja. Niambieni, ninyi mngefanyaje?

Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu akaniona natoa shuka kwenye ndoo.

"Binti, hiyo si sanda ya marehemu? Usimvishe mtoto."

"Marehemu ni mama yangu, bibi. Angekuwepo angemfunga mwenyewe."

Akanishikia mtoto nikamvua nguo.

Ufukweni nikamkuta mama mdogo ananisubiri. Nikaanza kulifungua shuka nimpe, huku naona aibu. Akanishika mkono.

"Mwache, ameshapata joto. Dada yangu tutamfunika kitenge changu."

Tumemzika saa kumi.

Miezi saba nilikuwa namwambia mama kwenye simu, ziwa likitulia nitamleta mjukuu wako umbebe.

Leo halikutulia, na tumekuja.