Kompyuta ya Bi Futi

Kila aliyewahi kushonewa na Bi Futi anajua kwamba hapokei vipimo vya kutumiwa. Ukimtuma mtoto na karatasi yenye namba zako, atarudishwa na karatasi yake. "Mwambie aje mwenyewe, na mwili wake," husema, huku futi ya kupimia, hiyo iliyompa jina, ikining'inia shingoni kama mkufu.

Basi mtu huyohuyo ndiye aliyeingia duka la kompyuta Jumatatu moja asubuhi, akadanganya kuhusu mvaaji.

Tuanzie kwa mdogo wake. Anaye mmoja tu, wa kiume, anafanya kazi ghalani, mji wa mbali. Tangu mama yao afariki, miaka miwili sasa, mazungumzo yao ya simu yalikuwa yamekonda yakabaki mifupa. "Mzima, dada?" "Mzima. Na wewe?" "Mzima." Baada ya hapo kila mmoja anatafuta namna ya kukata simu bila kuonekana anakata. Bi Futi ilimuuma, lakini utamlazimishaje mtu kuongea? Kisha alipomtembelea, akamkuta mbele ya kompyuta anaendesha malori ya gemu, amevaa spika za masikioni, anaongea kama chiriku na rafiki aliye mbali huko. Kumbe ukiipa mikono yake kazi, maneno yanamtoka yenyewe! Bi Futi alirudi nyumbani na wazo moja: na mimi nitaendesha lori.

Akashona sare za shule muhula mzima, akawa anaweka pembeni. Kasha tupu la kompyuta alilipata kwa bei ya kutupa kwenye ofisi iliyokuwa inahama. Vilivyobaki ni vya ndani, na bajeti yake ilimbana kama suruali ya mwaka juzi. Akampigia mdogo wake kumwambia kwamba Jumamosi, siku likizo yake ya ghalani inapoanza, watacheza pamoja.

"Wewe, dada?" mdogo wake alicheka. "Si utaweka kanyagio la cherehani!" Kisha akashusha sauti. "Haya. Nitakusubiri." Likizo yenyewe ilikuwa ya wiki moja, baada ya hapo, ni zamu za ghala mpaka mwakani.

"Karibu, mama," alisema fundi wa dukani Jumatatu hiyo, mwanamume wa makamo mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso.

"Natafuta vifaa vya kompyuta ya gemu."

"Ya nani, na atacheza gemu gani?"

Hapo aibu ikamkaba. Mtu mzima, mwenye wajukuu wawili, aseme anataka kuendesha malori ya kwenye kioo?

"Ya mpwa wangu," alisema. "Anapenda yale ya vita. Mabomu mabomu."

"Ah, yale yanataka kadi kubwa ya picha. Ukimpa ndogo, askari watakuwa wanatembea kama wamekunywa."

Akamtolea kadi yenye feni tatu, ndefu kama tofali. Bi Futi akaipima, akalinganisha na kipimo cha ndani ya kasha alichokuja nacho, akaona itaingia na upana wa kidole utabaki. Ilimeza zaidi ya nusu ya bajeti. Ukutani palibandikwa karatasi: MALI IKITOKA HAIRUDI. Aliisoma, akalipa.

Nyumbani kadi iligoma. Kasha alikuwa amelipima likiwa tupu. Alipofunga feni ya mbele ya kasha, kadi ikagota. Yeye ambaye hakuna nguo asiyoiachia nafasi ya kupumua! Na fedha zilizobaki zisingenunua hata nusu ya vitu vingine. Siku nzima alishona vibaya, akafumua, akashona tena.

Jumatano alirudi dukani, kadi ikiwa ndani ya boksi lake.

"Fundi, nilikudanganya. Hakuna mpwa."

"Hakuna mpwa?"

"Yupo, lakini anasomea uuguzi, gemu hata hazijui. Ni mimi. Nataka kuendesha malori na mdogo wangu. Karatasi yako ya ukutani nimeiona, sina neno. Nimekuja tu kuuliza kama kuna namna."

Fundi akashusha miwani, akamtazama vizuri. "Kazi yako nini, mama?"

"Nashona."

"Mteja akikuletea vipimo vya mtu mwingine?"

"Namfukuza."

Fundi akaangua kicheko mpaka akashika meza, na Bi Futi, apende asipende, akacheka naye.

"Karatasi ile ni ya wanaoniletea vitu walivyoviunguza, fundi mwenzangu. Hii hata vumbi haijashika. Lete."

Alimpokea kadi kwa bei ileile. Bi Futi akageukia ukuta, akajifanya anasoma bei za nyaya, maana macho yalikuwa yamejaa machozi.

Wakaanza upya. Malori hayana haraka, fundi alisema, kwa hiyo kadi ndogo ya mtumba yenye feni moja inatosha na kubaki. Chenji yake ikanunua prosesa, ubongo wa kompyuta, iliyotumika kidogo, na ramu, yaani kumbukumbu, vipande viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, vibebe mzigo kwa kusaidiana. Penye pawa saplai, ile ya kulisha vyote umeme, Bi Futi alinyooshea kidole ya bei rahisi.

"Hapo usibane," fundi alimkataza. "Hiyo ikifa haifi peke yake."

Kasha likaletwa, feni ikiwa mahali pake safari hii. Fundi alikataa kulipwa ufundi. Alimpa bisibisi akamsimamia. Mikono iliyofungua cherehani miaka thelathini ikakaza skrubu moja baada ya nyingine. Kompyuta ikawaka. Bi Futi alimshika fundi mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nenda bwana, mdogo wako anasubiri," fundi alisema.

Jumamosi alasiri, "Dada! Kumbe kweli!" ilimlipuka masikioni. Nusu saa ya kwanza aliingia mtaroni mara tano, na mara zote tano mdogo wake alicheka mpaka akakohoa. Kisha wakapanda mlima, yeye nyuma, mdogo wake mbele.

"Dada."

"Naam."

"Ile wiki mama alipozidiwa... sikukosa nauli. Nilifika stendi na begi langu. Nikaogopa kumwona vile. Nikarudi."

Lori la Bi Futi likapanda tuta. Miaka miwili alikuwa amebeba kimyakimya kinyongo cha nauli ile, ambayo mdogo wake alidai ameikosa. Alikanyaga breki, akapumua, akalirudisha lori barabarani polepole.

"Ungeniambia."

"Ningeanzia wapi?"

"Alikuulizia mara moja," Bi Futi alisema. "Nikamwambia uko njiani. Akatabasamu, akalala."

Masikioni akasikia pua ikivutwa.

"Asante, dada."

"Asante wewe. Nimeshukuru sana umeniambia. Sasa washa taa za nyuma, nakupoteza kwenye ukungu."

"Zimewaka. Unaziona?"

"Naziona. Twende."